Baiskeli barabarani, boti mzigoni: kupanga safari ya Tanga, Muheza na Pangani

Watu wakipanga safari ya baiskeli iliyobeba boti ya kujaza upepo huanza na baiskeli: tairi za ukubwa gani, mabegi yafungwe wapi, siku moja zipigwe kilomita ngapi. Mimi nashauri uanze na maji. Kati ya Tanga, Muheza na Pangani hukosi fundi baiskeli wala duka, na hata mnyororo ukikatika katikati ya mashamba ya mkonge, bodaboda itapita. Majini hakuna wa kupita. Kwa hiyo amua kwanza utaingia maji gani, siku gani na saa ngapi, ndipo upange barabara ya kukufikisha hapo kwa wakati.

Jambo la pili ulishike tangu mwanzo. Faida kubwa ya kuchanganya baiskeli na boti ni kwamba baiskeli inakupa uwezo wa kuyakataa maji. Mwenye boti peke yake akifika ufukweni akakuta upepo umeamka, hushawishika kujaribu kwa sababu hana njia nyingine. Wewe unayo. Kila kipande cha maji kwenye ratiba yako kiwe na barabara ya kukizunguka, na barabara hiyo uijue kabla hujatoka nyumbani.

Kuhusu boti yenyewe: pakirafti ni boti ya mtu mmoja ya kujaza upepo, iliyotengenezwa kwa kitambaa cha naileni kilichopakwa plastiki laini. Nyingi zina uzito wa kilo 2 hadi 5, na ikikunjwa haizidi ukubwa wa blanketi lililokunjwa. Haihitaji pampu. Inakuja na mfuko mwepesi wa kukusanyia hewa. Unaufunga mdomo kwa mikono, unaukamua, upepo unaingia ndani ya boti. Kafi lake hufunguka vipande vinne. Usafiri huu ulikomaa Alaska, kwenye mito ya barafu isiyo na mamba wala kiboko. Miongozo ya huko humwambia msafiri ashushe boti popote palipo na maji ya kutosha. Ukiufuata ushauri huo kwenye mito yetu, unaweza usirudi.

Kuchagua maji

Wami na Ruvu, mito miwili mikubwa inayoingia baharini upande wa Bagamoyo, iondoe kabisa kwenye orodha. Yote ina viboko na mamba. Wami tena, sehemu yake ya chini iko Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, na humo huingii na boti yako kama unavyotaka. Ukitamani kuuona mto huo, panda boti ya utalii pamoja na watu wa hifadhi.

Kiboko ndiye nimwogopaye zaidi, na niseme kwa nini. Mchana amezama, kichwa kinatokeza kidogo kisha kinarudi chini, na wewe uliyekalia mfuko wa hewa huoni kilicho chini yako. Jioni hutoka kwenda malishoni, na alfajiri hurudi majini kwa njia ile ile. Ukipiga hema kati ya njia hiyo na mto, umemziba. Kwa hiyo hata kama huna nia ya kuingia mtoni, kambi isiwe ukingoni. Njia ya kiboko utaitambua: majani yamelala na udongo una mifereji miwili sambamba yenye tuta katikati.

Mto Pangani nao usiuchukulie kama mto mmoja. Huko juu kuna vituo vya umeme vya Hale, megawati 21, na New Pangani Falls, megawati 68. Chini ya mitambo kiwango cha maji kinaweza kubadilika bila tone la mvua, kulingana na uzalishaji. Kuanzia hapo hadi karibu na mji kuna mamba. Karibu na mdomo mto unapanuka, maji ya chumvi yanapanda na kushuka, na vyombo vinapita siku nzima. Ushauri wangu ni huu: Pangani usiuingie na pakirafti. Kodi boti ya mbao yenye nahodha wa pale pale, baiskeli iache nyumba ya wageni, upande naye mtoni ukatazame minazi na mikoko. Utajifunza mengi kuhusu mkondo kwa kumwangalia anavyokata kona kuliko kwa kupambana nao mwenyewe.

Mto Sigi unaotoka milima ya Usambara Mashariki una mawe mengi na maji machache kwa boti iliyobeba baiskeli. Bwawa la Mabayani lililo kwenye mto huohuo linatoa maji ya kunywa kwa Jiji la Tanga, lipite tu.

Kinachobaki ni maji yaliyojificha ya pwani: mahori (mikono ya bahari inayoingia nchi kavu) na ghuba zenye mikoko, ambako wimbi la bahari kuu halifiki kwa nguvu na maji huenda na kurudi kwa saa zinazojulikana. Hapo ndipo pakirafti inapofaa kwetu. Ninapopapenda kuliko pote ni Ghuba ya Mtangata, Tongoni, kusini ya Tanga kwenye barabara ya Pangani. Kijiji kina magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo yanayokadiriwa kuwa ya karne ya 14 na 15. Mwaka 1499, akirudi kutoka India, Vasco da Gama aliiteketeza meli yake ya São Rafael kwenye mafungu ya mchanga ya eneo hilo kwa sababu hakuwa tena na mabaharia wa kutosha kuiendesha. Mafungu hayo ndiyo yanayokufundisha kusoma jedwali la maji, yaani orodha ya saa za kujaa na kupwa: maji yakipwa, kilichokuwa bahari kinageuka mchanga na tope.

Hata Mtangata, swali la mamba liulizwe. Mamba wa mtoni huweza kupita kwenye mikoko, na anayejua wiki hii wako wapi ni mvuvi aliyetoka kutega jana.

Kusoma mwezi

Hapa ndipo safari nyingi hufaulu au kuharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji yanajaa sana, yanakupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini inaweza kupita mita 3. Mwezi unapokuwa nusu, yaani mwezi 7 au 8 na mwezi 22 au 23 kwa hesabu ya Kiislamu, huja maji mafu: tofauti ndogo, mkondo mpole. Kwa kawaida bamvua na maji mafu hukolea siku moja au mbili baada ya tarehe hizo.

Sasa tazama saa. Wakati wa bamvua, upande wetu maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kukupwa karibu saa 4 au 5 asubuhi. Maana yake, ukifika Tongoni asubuhi ya bamvua baada ya chai, boti yako itakaa kwenye tope. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa saa 4 hadi 5 asubuhi, upepo wa mchana ukiwa haujakolea. Kwa mtu wa pakirafti hiyo ni zawadi mara mbili, saa nzuri na mkondo mdogo kwa pamoja. Panga siku ya maji iangukie maji mafu, kisha hakikisha saa kamili kwenye jedwali la maji la Tanga, si la Dar es Salaam wala la Mombasa.

Ingia majini kama saa moja na nusu kabla ya kujaa. Mkondo utakusukuma ndani ya hori. Maji yakisimama, geuza. Yakianza kukupwa yatakurudisha polepole ulikotoka, na uwe umeshatoka kabla ya saa ya tatu ya kukupwa. Maji hayaendi kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza huondoka kidogo, na katika saa ya tatu na ya nne huondoka karibu nusu ya maji yote. Anayechelewa ndani ya mikoko hukwama kwenye tope linalomeza mguu hadi gotini, kati ya mizizi iliyojaa chaza wenye magamba makali ya kupasua kiatu, sembuse boti ya hewa.

Msimu na upepo

Masika, Machi hadi Mei, acha. Barabara za udongo zinakuwa utelezi na mito inabeba magogo. Kusi huvuma kuanzia karibu Mei hadi Septemba, kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi. Mimi huchagua mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba, kusi likiwa limechoka na vuli haijaanza. Januari na Februari pia kunafaa, ukivumilia joto.

Upepo ndio uamue mzunguko wako uanzie wapi. Kukiwa na kusi, nenda Muheza kwanza, ushuke Pangani, urudi Tanga kwa barabara ya pwani upepo ukiwa mgongoni. Kukiwa na kaskazi, geuza: Tanga, Tongoni, Pangani, Muheza. Kilomita 50 za upepo wa usoni ukiwa na mzigo na boti ni mateso yasiyo na sababu.

Kuna upepo mwingine unaodanganya, ule wa alfajiri utokao nchi kavu. Ukisimama chini ya minazi huusikii, maji yametulia kabisa. Ukitoka mita mia kadhaa unaukuta, nao unakupeleka baharini. Kwa hiyo usivuke mdomo wa ghuba hata kama kunaonekana shwari. Kaa ndani, ukingo uwe karibu kiasi cha kuweza kuogelea ukiwa umevaa jaketi okozi. Siku moja kabla, soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa tahadhari ya upepo mkali au mawimbi makubwa, siku hiyo ni ya baiskeli.

Ruhusa, na mazungumzo ya ufukweni

Pwani kati ya Tanga na Pangani iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa 2009 kumlinda yule samaki wa kale aliyekuwa akinaswa kwenye nyavu za wavuvi wa huku. Kuna kiingilio, kwa hiyo pita ofisi ya hifadhi kabla hujaingia majini na utunze risiti. Kijijini anzia kwa mtendaji au mwenyekiti, umweleze unatoka wapi na unalala wapi. Kisha ulizia viongozi wa BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia fukwe.

Baada ya hapo nenda kwa wazee wanaoshona nyavu. Amkia vizuri, kaa, usianze na boti yako. Maswali ya kuuliza ni machache: "Mzee, shikamoo. Leo maji yanajaa saa ngapi? Mkondo unavuta upande gani yakianza kutoka? Mamba ameonekana huku karibuni? Wapi kuna mawe au nyavu zilizotegwa?" Uliza watu wawili tofauti. Majibu yakipishana, muulize wa tatu. Na mzee akisema "leo usiingie", usimdai sababu, panda baiskeli.

Bora zaidi, ajiri kijana mwenye mtumbwi aende nawe. Mnakubaliana bei kabla, anatangulia, wewe unafuata. Peke yako majini usiende, hata kama unaogelea kama samaki.

Kupakia na kufunga

Vitu vya majini: jaketi okozi lenye ukubwa wako, filimbi iliyofungwa begani, kisu kifupi kinachofikika kwa mkono mmoja, kamba ya mita 15 inayoelea, viatu vya kufunga (ndala zitabaki topeni), simu kwenye mfuko usiopitisha maji. Kwa kuziba boti: gundi, vipande vya kitambaa cha boti ile ile, spiriti ya kusafishia kabla ya kubandika. Vya baiskeli unavijua: tyubu za akiba, viraka, pampu, kiungo cha mnyororo, njiti (spoki) mbili tatu. Maji ya kunywa yasipungue lita 4 siku ya kuendesha.

Baiskeli isiwe ya thamani sana. Maji ya chumvi hayachagui, na baiskeli ya kawaida yenye fremu ya chuma na tairi nene inatosha kabisa kwa barabara hizi. Boti iliyokunjwa funga kwenye usukani, vipande vya kafi vilale kando ya fremu, uzito mwingine ukae kwenye karia.

Kufunga baiskeli juu ya boti ndiyo kazi ya kufanyia mazoezi nyumbani, hata uani kwenye nyasi. Jaza boti kwanza. Fungua magurudumu yote mawili. Toa pedeli, au zigeuze zitazame ndani. Meno yanayoshika mnyororo yafunge kwa kipande cha tyubu kuukuu, kisha kitambaa juu yake, kwa sababu hayo ndiyo yatakayotoboa. Laza fremu juu ya pua ya boti, upande wa gia ukiwa juu, usukani umegeuzwa ulale sambamba na fremu. Magurudumu yalale juu ya fremu, bapa. Funga sehemu nne kwa mikanda yenye bizimu. Ile mipira ya tyubu ya kufungia mizigo kwenye karia hapa haifai, inanyumbuka na mzigo unacheza. Sukuma baiskeli kwa nguvu: ikitikisika, boti yote itikisike nayo.

Ncha za mikanda zisining'inie hata moja. Boti ikipinduka, kitanzi kimoja kinatosha kukushika mguu chini ya maji, na kwa sababu hiyo hiyo usijifunge kamwe kwenye boti wala kwenye baiskeli. Kaa ndani, piga kafi hewani kulia na kushoto. Likigonga gurudumu, sogeza mzigo mbele. Halafu, kabla ya kwenda popote, ingia kwenye maji ya kifuani, jipindue makusudi bila baiskeli, ujifunze kuigeuza boti na kupanda tena kutoka ubavuni. Usiyeweza kupanda tena bado hujawa tayari kwa hori.

Hewa nayo ina tabia yake. Boti uliyoijaza juu ya mchanga wa moto italegea ikigusa maji, kwa hiyo iache ielee dakika chache, kisha uongeze pumzi kwa mdomo. Ukirudi nchi kavu fanya kinyume: punguza upepo mara moja, kwani boti iliyojaa ikiachwa juani hewa inapanuka na mishono inaachia.

Ratiba, ukihesabu kutoka siku ya maji

Chukua mfano wa kipindi cha kusi. Siku ya maji ni mwezi 23. Rudi nyuma.

Mwezi 20 toka Tanga alfajiri kwenda Muheza, karibu kilomita 40 za lami. Barabara hii ina mabasi na malori mengi. Vaa rangi inayoonekana, usiendeshe baada ya jua kuzama. Muheza kuna machungwa, fundi na vyumba vya bei nafuu. Mwenye siku mbili zaidi aondoke Tanga mwezi 18, apande Amani, zaidi ya kilomita 30 za mwinuko kuingia msitu wa hifadhi ya mazingira asilia iliyotangazwa 1997. Boti aiache Muheza; kuipandisha mlimani ni kubeba kuni kwenda msituni.

Mwezi 21, Muheza hadi Pangani kwa njia ya Boza, karibu kilomita 45. Ni siku ya vumbi na vilima vifupi. Mwezi 22 pumzika Pangani: mji wa zamani, boti ya mbao mtoni, na jioni uvuke hadi Bweni, ng'ambo ya mto, uone mkondo unavyofanya mdomoni maji yanapotoka. Mwezi 23 usilale. Toka saa 11 alfajiri ili ufike Tongoni, kama kilomita 30, kabla ya saa 3. Ukiona mwendo huo mkali kwako, sogea jioni ya mwezi 22 hadi Kigombe, kijiji kilicho njiani, ulale huko. Mimi ningefanya hivyo.

Ukifika Tongoni baada ya maji kujaa, umechelewa. Usijaribu kulipia muda. Tembelea magofu, kula wali na samaki, endesha kilomita 20 zilizobaki hadi Tanga, boti ikiwa imekunjwa.

Mambo ya kutokea

Kabla ya kuingia majini mtumie mtu mmoja ujumbe: unaingia wapi, unatoka saa ngapi, na saa gani akianza kukutafuta asisite. Namba ya dharura ni 112, ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Namba ya mwenyekiti wa kijiji iwe ya kwanza kwenye simu yako, maana mtumbwi wake utafika kabla ya mtu yeyote kutoka mjini.

Mabwawa na vijito vya maji baridi vina kichocho. Usioge humo hata kama jua limekuchoma. Chandarua ni cha lazima kila usiku. Kidonda cha chaza kioshe kwa maji safi na sabuni siku hiyo hiyo, kwani huoza haraka, na ukiona kinavimba nenda zahanati.

Usiku wa kurudi Tanga, kabla ya kuoga wewe, ioshe baiskeli kwa maji yasiyo na chumvi: mnyororo, gia, nyaya za breki, na ndani ya fremu kwa kulegeza nguzo ya kiti na kuigeuza juu chini. Paka mafuta ikikauka. Boti isuuze ndani na nje, ifungue mikanda yote, itundike kivulini siku mbili kabla ya kuikunja. Kila mahali kitambaa kilipokwaruzwa paguse kwa ncha ya kidole ukiwa umeijaza upepo na kuipaka povu la sabuni. Panapotoa mapovu pawekee alama kwa kalamu, uzibe siku inayofuata.